Renatus Itsuak, Aliyetuamsha Kabla ya Siku

Ndugu na majirani wa Siurak, nanyi mliosafiri juu ya barafu kutoka Nain, sogeeni karibu na jiko mpate joto. Desturi yetu ni kusikiliza kwanza habari za maisha ya marehemu, kabla hatujatoka naye kwenda makaburini. Mzee Renatus hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini pumzi yake katika tarumbeta kila mmoja hapa anaijua, maana ndiyo iliyokuwa ikitutoa kitandani alfajiri ya Pasaka.

Alizaliwa tarehe 14 Novemba 1931 katika nyumba ya udongo na nyasi kwenye ghuba ya Kangiluk, ambako wazazi wake, Zakarias na Tabea, walikuwa wamepiga kambi kuwinda sili. Alibatizwa hapa Siurak Krismasi ya mwaka huo. Mama yake alikuwa na tabia moja: kila asubuhi, kabla hata ya kuwasha moto, alifungua mlango akatazama mashariki, upande wa bahari. Baridi yote ya Labrador ilimwagika ndani.

Zakarias alinung'unika chini ya manyoya. "Mama Renatus, utatuua. Unamtafuta nani?"

"Unamjua ninayemtafuta."

"Basi akija atabisha hodi."

"Huyu hatabisha," Tabea alijibu, kisha akafunga mlango taratibu, kama mtu aliyeambiwa arudi kesho.

Mtoto Renatus alikulia kwenye mlango huo.

Alisoma katika shule ya misheni hapa Siurak kuanzia mwaka 1938 hadi 1945. Alijua kusoma Maandiko na hesabu ya kumtosha. Muziki aliuanza pwani, kwa kupuliza mashina ya mwani yaliyokauka, yale marefu yenye uwazi ndani, mpaka mbwa wa kijiji kizima wakawa wanalia pamoja naye. Marehemu Mzee Manasse, kiongozi wa matarumbeta, alitoka nje siku moja akafoka, "Wewe! Kama ni lazima upige kelele, njoo upige zilizo na mpango!" Ndivyo alivyoingia katika kundi la wapigaji. Mwaka 1949 alikabidhiwa tarumbeta lile la shaba lililobonyea ubavuni, na hakulikabidhi kwa mtu mwingine mpaka nguvu zilipomwisha.

Kwa kazi alikuwa mwindaji na mvuvi kama baba zetu wote. Sili wakati wa baridi, samaki wakati wa kiangazi, kulungu pale walipopatikana. Lakini kulikuwa na kazi nyingine aliyoifanya kila Oktoba. Mnajua ardhi yetu ikishaganda haikubali sepetu mpaka Juni. Kwa hiyo makaburi ya majira ya baridi huchimbwa mapema, yakafunikwa mbao, yakasubiri bila kujulikana ni ya nani. Renatus alichimba na wenzake tangu ujana. Wengine walichimba kimya. Yeye alitania, "Nachimba, lakini langu halimo humu. Mimi Bwana atanikuta nimesimama, buti miguuni." Wala hakuwa akitania sana. Alitamani mno kuwa miongoni mwa watakaokuwa hai siku ile Bwana atakaporudi.

Tarehe 8 Septemba 1953 alifunga ndoa na Ernestina, binti wa Boas na Rosina wa Kangiluk. Inasemekana alimchumbia kwa tarumbeta, akapiga wimbo mzima chini ya dirisha lake kabla jua halijachomoza. Ernestina alifungua dirisha akamwambia, "Kijana, ukitaka kuniamsha saa hizi, siku nyingine njoo na samaki." Kesho yake alikwenda na samaki. Walijaliwa watoto wanne: Amalia, Salome, Jonatan na Rut.

Salome alichukuliwa na surua mwezi Machi mwaka 1960, akiwa na miaka minne. Ardhi ilikuwa jiwe. Ilibidi alazwe katika moja ya makaburi ya Oktoba, na lile kaburi lilikuwa limechimbwa na mikono ya baba yake, kwa kipimo cha mtu mzima. Renatus alishuka mwenyewe kumpokea. Waliokuwepo wanakumbuka jinsi sanduku lile dogo lilivyoonekana kule chini, na nafasi iliyobaki pande zote. Tangu hapo hakutania tena wakati wa kuchimba. Ila asubuhi, kabla ya moto, alianza kufungua mlango kama mama yake.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo mmelisubiri, na ambalo marehemu hakukataza lisemwe.

Alhamisi tarehe 6 Februari 1964, asubuhi kulipopambazuka, Renatus alikuwa nje akifunga mbwa kwenye sleji aende ukingoni mwa barafu. Hakukuwa na upepo. Hewa ilijaa chembe za barafu ndogo kama vumbi, zikimetameta. Aliinua kichwa kuelekea baharini, na mikanda ya mbwa ikamtoka mkononi.

Jua lilikuwa limechomoza, na halikuwa peke yake. Kulia kwake kulikuwa na jua lingine, kushoto lingine. Duara la nuru lilizunguka yote matatu, na katikati, kutoka barafuni mpaka juu na kutoka upande hadi upande, ulisimama msalaba mweupe. Wazee walikuwa wameona jua likiwa na masikio yake, yaani majua ya uongo ya pembeni, mara nyingi, na Renatus pia. Msalaba wa namna ile hakuna aliyewahi kuuona. Mbwa walikuwa wamelala chini, wote, bila kuambiwa.

Aliingia ndani akachukua tarumbeta.

"Baba Amalia," Ernestina alimwambia, "leo si Pasaka."

"Toka nje uone."

Ernestina alitoka. Alitazama. Alirudi ndani akafungua sanduku la nguo.

Renatus alipanda kwenye kilima nyuma ya kanisa akapiga wito wa Ufufuo, ule tunaopiga mara moja tu kwa mwaka. Vitufe vya tarumbeta viliganda kabla hajafika nusu, akabaki na sauti moja. Akapiga hiyo moja. Milango ikaanza kufunguka, na kila aliyefungua alianza na matusi, kisha akainua macho.

Wakarudi ndani, wakatoka wamevaa silapak, yale makoti yetu meupe ya Pasaka. Kijiji kizima cheupe juu ya theluji nyeupe. Mzee Manasse alitoka na buti moja. Bibi Benigna, aliyekuwa na miaka themanini, alikuja na samaki mkavu amemfunga kwenye kitambaa. Mtu akamuuliza, "Bibi, huko tunakokwenda kuna haja ya samaki?"

"Wewe umewahi kufika?" akajibu. "Basi niache."

Kwa Pasaka tunakwenda makaburini, kwa hiyo walikwenda makaburini. Hakuna aliyeongoza. Tena walijua kwamba waliolala ndio watakaotangulia kuinuka. Kila mmoja alisimama kando ya watu wake, akitazama theluji. Ndugu wawili, Jeremias na Filipus, ambao hawakuwa wamesalimiana tangu mashua yao izame, walijikuta kando ya kaburi la baba yao, na mmoja akamfunga mwenzake vifungo vya koti. Walisubiri theluji ipasuke.

Renatus aliteremka kutoka kilimani, tarumbeta limeganda kifuani, akaenda kwenye kaburi la mtoto wao. Ernestina alikuwa amekwishafika, Rut mgongoni, Amalia na Jonatan wamemshika nguo, wote wameshavaa silapak zao. Na mkononi alikuwa amebeba nyingine, ndogo, iliyokunjwa vizuri. Ilikuwa ya Salome. Miaka minne alikuwa ameiweka sandukuni, na mumewe hakujua.

"Ataona baridi akitoka," Ernestina alimwambia kwa sauti ya chini, kama anamweleza jambo la kawaida la nyumbani.

Wakasimama wote. Mpaka leo waliokuwepo hukosa namna ya kuelezea. Husema tu kwamba hawakuogopa, na kwamba hawakuwahi kupenda watu kama walivyowapenda asubuhi ile.

Kisha wingu jembamba likaja kutoka kusini. Msalaba ulififia kwanza, halafu jua la kulia, halafu la kushoto. Likabaki moja, lile la kila siku. Theluji juu ya makaburi ilikuwa vilevile.

Mchungaji alifika akihema. "Nani amepiga tarumbeta?"

"Mimi," Renatus alisema.

"Kwa nini?"

"Nilidhani ni Yeye."

Mchungaji aliwatazama watu wale weupe, samaki wa Bibi Benigna, mguu wa Manasse uliofungwa skafu, na koti dogo mkononi mwa Ernestina. Akavua kofia. "Basi tusali ibada ya Pasaka," alisema. "Tumeshafika." Wakaisali yote, mwezi wa Februari.

Lakini baada ya hapo, ndugu, ilikuwa taabu. Watoto walimfuata Renatus njiani wakiuliza, "Bwana Renatus, leo majua mangapi?" Mzee Manasse alisema mbele ya kundi kwamba tarumbeta si kengele ya mbwa. Hayo Renatus aliyavumilia. Kilichomvunja ni kwamba alikuwa amemfanya mkewe asubiri kando ya lile kaburi, kisha arudi nyumbani na lile koti. Alilifunga tarumbeta kwenye gunia akasema hatapiga tena. Pasaka ilipokaribia, Manasse mwenyewe alikuja kumbembeleza, akakataa.

Jumamosi Kuu mchana Bibi Benigna aliingia nyumbani kwao bila kubisha, akaketi.

"Nasikia kesho hupigi."

"Sipigi, Bibi. Niliwaamsha bure."

"Mimi nimeamshwa bure na mbwa, na wajukuu, na tumbo langu mwenyewe. Ukiniamsha bure kwa ajili ya Bwana, nilalamike nini?"

Renatus alitazama chini. "Si wewe ninayemfikiria," alisema.

Hapo Ernestina aliacha kushona. "Kama ni mimi unayenifikiria," alisema, "unakosea. Asubuhi ile ndiyo pekee tangu tumzike niliyokwenda pale bila kulia. Nilikwenda kumpokea. Usinipokonye hiyo. Piga."

Alipiga. Na aliendelea kupiga kila Pasaka kwa miaka arobaini na zaidi, mdomo wa tarumbeta ameuficha kwapani mpaka dakika ya mwisho ili usigande. Watoto nao waliendelea kuuliza, na watoto wao baada yao: "Babu Renatus, leo majua mangapi?" Hakuwahi kujibu kwa mazoea. Alisimama kwanza, akageuka mashariki, akatazama kweli, kisha ndipo akajibu, "Bado moja."

Ernestina alilala katika Bwana tarehe 19 Agosti 2003. Kwa desturi yetu wanaume wana upande wao na wanawake upande wao, chini ya mawe yaliyolala sawasawa, hakuna la mkubwa wala la mdogo. Watu walimpa pole kwamba hatalala karibu na mkewe. Alijibu, "Kuna njia tu katikati. Siku hiyo nitavuka." Baada ya mazishi lile koti dogo alilitoa sandukuni kwa mkewe, akaliweka chini ya mto wake.

Oktoba iliyopita, akiwa na miaka sabini na minane na mapafu yamechoka, alisisitiza kupelekwa kwenye uchimbaji. Walipomaliza kaburi la kwanza aliomba ashushwe ndani. Jonatan hakupenda.

"Baba, toka humo. Watu wanaona vibaya."

"Ngoja kidogo. Naangalia kama jua la asubuhi linafika."

"Linafika?"

Aligeuza uso kuelekea baharini. "Linafika," alisema. "Nilidhani mtu akiwa humu haoni." Walipompandisha alikuwa na udongo magotini, na hakukubali kuupangusa.

Novemba alipelekwa kwa ndege hospitali ya Goose Bay, akatibiwa vizuri. Januari aliomba arudi nyumbani. Aliwekwa kitanda kando ya dirisha la mashariki. Jumanne tarehe 1 Machi 2011, kulipopambazuka, Rut alimwinua kutoka kwenye mto wa kitanda ili apate pumzi, akamuuliza kwa utani ule wa kijiji, "Baba, leo majua mangapi?"

Alitazama. Mliokuwa nje asubuhi ile mnajua kwamba mbingu ilikuwa safi na hakukuwa na kitu cha ajabu.

"Moja," alisema. Kisha akasema, "Lakini njoo utazame." Rut aliinama dirishani kutazama. Alipogeuka, baba yake alikuwa amekwenda.

Baadaye kidogo mlisikia matarumbeta juu ya paa la kanisa yakitangaza msiba. Aliyetangulia kupiga alikuwa Amalia, kwa lile la shaba lililobonyea ubavuni. Aliyempa ni baba yake, na pamoja nalo agizo moja: "Ukiona, piga. Usisubiri kuwa na hakika."

Mzee Renatus ameacha watoto watatu, Amalia, Jonatan na Rut. Dada yake Naeme. Wajukuu na vitukuu waliojaa mabenchi haya ya mbele. Na kijiji kilichowahi kusimama pamoja katika mavazi meupe. Analazwa katika lile kaburi la Oktoba aliloligusa kwa magoti yake. Hakukutwa amesimama, kama alivyotamani. Lakini miguu yake imeelekezwa baharini, buti ziko miguuni, na mkononi, kwa agizo lake, tumemwekea koti dogo jeupe la mtoto wa miaka minne, limekunjwa vizuri, maana nje kutakuwa na baridi.

Lala salama, Baba. Safari hii wewe ndiye utakayeamshwa.