Kiti cha Pili cha Mama Clotilde

Jumamosi tarehe 28 Juni mwaka huu, kengele ya mwisho ilipolia, Kituo chetu cha Kiingereza cha jioni hapa Kamalondo kilimpoteza Mama Clotilde Ngalula, baada ya miaka ishirini na saba ya kazi. Wasomaji wa taarifa hii wasianze kuuliza matanga yako wapi. Mama ni mzima, anapanda ngazi upesi kuliko sisi sote. Amestaafu tu, na Jumamosi hii ya tarehe 5 Julai tutamuaga rasmi katika ua wa kituo. Lakini mimi Hassani, ninayepanga ratiba ya walimu, ndiye niliyeombwa kuandika wasifu wake, na kwenye ratiba mtu akiondoka anaacha nafasi tupu, sababu iwe yoyote. Kwa hiyo nasema tumempoteza, na neno hilo silifuti.

Alikuja mwaka 1998 kutoka Lukafu, alikokuwa akifundisha sekondari. Kituo kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani, wanafunzi kumi na mmoja, wote wafanyabiashara waliochoka kumtegemea mkalimani kila walipovuka kwenda Zambia kununua mali. Mimi nilijiunga mwaka 2004, nikiuza betri na tochi. Shule sikuwa nimeimaliza, niliimalizia kwake. Siku ya kwanza nilijua kuhesabu kwa Kiingereza hadi ishirini tu, kwa sababu sikuwa nimewahi kununua zaidi ya katoni ishirini.

Kila Alhamisi mwanafunzi mmoja alileta kitu cha biashara yake, na hakuruhusiwa kutoka kabla ya kukiuza kwa Kiingereza. Siku moja Mama Zabibu, muuza samaki, alileta gunia la kapenta. Baada ya nusu saa gunia lilikuwa tupu, darasa zima limeshika vifurushi, na Mama Clotilde mwenyewe amenunua viwili. Mama Zabibu akajipangusa mikono, akasema, "Madame, somo imeisha, bintu biliisha." Akaambiwa alirudie hilo kwa Kiingereza. Akalirudia, akaenda nyumbani mapema. Sisi tulibaki na harufu mpaka Jumatatu.

Lakini kazi yake kubwa haikuwa wanafunzi, ilikuwa walimu. Kando ya ubao wake kulikuwa na viti viwili. Cha kwanza kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha mwalimu mgeni kazini, ambaye kwa mwaka mzima alikaa hapo akiwatazama wanafunzi usoni. Mama Clotilde alifundisha, akachekesha, akaandika ubaoni, halafu ghafla, katikati ya sentensi, akakaa. Aliye kwenye kiti cha pili ilimbidi asimame, amalizie sentensi ile na kuendelea na somo. Rachid, mtoto wa yule yule fundi aliyetupangisha chumba, mara ya kwanza alisimama, akafungua mdomo, akawaaga wanafunzi kwa heshima zote na kutoka nje. Kesho yake alirudi. Mwaka ulipokwisha hakuna darasa lililomtisha tena.

Na hapo ndipo lawama yangu inapoanzia. Mtu asiyeogopa darasa lolote haogopi nchi yoyote. Tangu 2010 walimu wanane wamekaa kwenye kiti hicho kabla ya huyu wa sasa, na sita kati yao wamekwenda kufundisha Kiingereza ng'ambo: Nampula kule Msumbiji, Luanda, Bujumbura. Sita kwa nane ni robo tatu. Wenzangu wakakiita "kiti ya ndege". Nikilalamika, Mama Clotilde hujibu bila kugeuka: "Papa Hassani, ile iko kiti, haiko ndege." Kinachonikera si kwamba walikwenda. Ni kwamba kila mara mimi mwenye ratiba nilikuwa wa mwisho kujua. Habari ya safari ya Rachid ya Nampula niliipata kwa mama anayeuza maji ya baridi mlangoni, aliyeshangaa kwamba sijamchangia chochote.

Ni haki niandike pia maneno ambayo Mama Clotilde alikuwa akiwaambia walimu hao, kwa kuwa niliyasikia mara nyingi katika chumba cha walimu. Hakuwaahidi utajiri. Alikubali kwamba mshahara unaotoka kila mwisho wa mwezi ni jambo zuri, na Rachid amekwisha kumjengea mama yake nyumba Makomeno, kila apitaye anaiona. Ila hoja yake ilikuwa nyingine. Hapa, alisema, mwalimu akikwama anakimbilia Kifaransa, na mwanafunzi anamfuata huko huko. Nampula Kifaransa hakimsaidii mtu. Wenyeji wana Kireno chao na Kimakua chao. Ukitaka kueleza neno utalichora, utaliigiza, utalizunguka mpaka mtu aelewe.

Nilidhani ni maneno ya kutia moyo tu. Mwaka 2016 Rachid alikuja likizo, tukampa darasa la wanaoanza kwa wiki moja. Hakutamka neno hata moja la Kifaransa. Alipotaka kufundisha neno "deni" alimkopa kalamu mwanafunzi wa mbele, akakataa kumrudishia, na mwanafunzi mwenyewe akamalizia somo kwa ukali. Siku ya mwisho, kati ya watu thelathini, ishirini na sita walijieleza kwa Kiingereza bila kusukumwa. Kabla ya hapo sikuwahi kuona zaidi ya kumi. Tangu mwaka ule Kifaransa tumekifungia nje ya mlango, na wanaofaulu mtihani wa mwisho wamepanda kutoka nusu hadi robo tatu. Faida hiyo haikubaki Msumbiji.

Dan naye alikwenda Luanda, akakaa miezi kumi na minne, akarudi na begi dogo kuliko lile aliloondoka nalo. Kwangu ilikuwa hasara tupu. Lakini Dan alichekwa sokoni kwa sababu ya Kireno chake, akarudi chumbani bila nyanya, na hilo hajalisahau. Zamani, katika kila wanaoanza thelathini, kumi na wawili walikuwa wameacha kabla ya Noeli. Kwenye darasa la Dan wanaacha watatu, wakizidi wanne. Mtu akikosea na wenzake wakaanza kicheko, Dan anawakata: "Municheke miye kwanza. Mu Luanda nilinunua sabuni ya unga, nikazani iko chumvi, nikaitia mu mboga ya sombe." Basi wanamcheka yeye, na aliyekosea anapata nafasi ya kurudia. Hesabu ni hesabu. Naiandika hata kama inanikera.

Tarehe 3 Mei, kwenye mkutano wa walimu, Mama Clotilde alisimama. Tulidhani atazungumzia mitihani. Akasema anastaafu hapa, na mwezi wa nane anapanda basi kwenda Nampula kwa miaka miwili, kufundisha katika shule aliyoifungua Rachid. Ana miaka sitini na minne. Atakuwa chini ya mwanafunzi wake, na Rachid amekwisha kumwambia kwa simu kwamba huko kwake pia kuna kiti cha pili, na mgeni ndiye anayekikalia. Mama alikuwa anacheka alipotuambia hilo. "Miaka yote miye natumaka batoto," akasema. "Sasa njo zamu yangu. Nione kama nilibadanganya." Dan akapiga makofi, wengine wakamfuata. Mimi nilikuwa nahesabu.

Kwa Septemba wamejiandikisha watu tisini na nne wanaoanza, vikundi vinne. Walimu wengine wamekwisha kujaa madarasa ya juu. Dan anaweza viwili, si zaidi. Viwili vinavyobaki ni vya Keren, binti wa miaka ishirini na mitano, ambaye tangu mwaka jana ndiye aliye kwenye kiti cha pili. Ni mwepesi kuliko wote waliomtangulia. Mama Clotilde akikaa, wanafunzi wengine hawatambui hata kwamba sauti imebadilika. Keren akibaki, kituo kinaendelea. Keren akienda, nawarudisha nyumbani watu arobaini na saba, wengi wao wauzaji wadogo wa Kamalondo, kama nilivyokuwa mimi na tochi zangu.

Sasa nimesikia, na safari hii tena ni kwa mama wa maji ya baridi, kwamba Rachid anatafuta walimu wawili, si mmoja. Nikamwuliza Keren. Akasema, "Papa Hassani, uulize Mama." Nikamwuliza Mama. Akasema, "Keren iko muntu mukubwa, iko na kinywa yake." Nikarudi kwa Keren, nikakuta Dan amenitangulia: "Keren, funga mukaba, ndege inaruka!" Chumba kizima kikacheka, Keren naye. Jibu sikupata.

Mama Clotilde, kituo kizima kinakushukuru. Watu elfu mbili na zaidi wamepita mikononi mwako, na mmoja wao ndiye anayeandika hapa. Bila wewe ningekuwa bado nanyoosha vidole mbele ya katoni. Tunakuombea afya njema huko uendako, majirani wema, na wanafunzi wakaidi wa kutosha ili usizeeke. Ukienda sokoni upate nyanya bila kuchekwa. Na ukichekwa, utajua la kufanya nalo. Kiti cha Rachid kiwe laini.

Kama Keren anakwenda, sitamzuia. Faida za kwenda nimeziandika hapo juu kwa mkono wangu, siwezi kuzikana. Ila safari hii sitaki kuwa wa mwisho kujua. Niambie waziwazi, ndiyo au hapana: binti huyu anapanda basi pamoja nawe? Nataka jibu Ijumaa tarehe 4, kabla sijatoka kwenda kwenye sala, kwa sababu nikirudi nabandika ratiba ukutani, na jina la Keren bado liko kwa penseli.

Wewe umekwisha kukaa, Mama, katikati ya sentensi, na watu tisini na nne wanatazama mbele. Nani anasimama?