Mama Theluthi Anaondoka na Faili Safi

Ijumaa ya tarehe 28 mwezi huu, saa kumi jioni, mpiga picha mkuu wa kiwanda chetu cha kalenda na postikadi anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Sote tunamwita Mama Theluthi. Nilipoombwa kuandika wasifu wake nilikubali kabla sijamaliza kusikiliza, kwa sababu ndani ya faili lake kulikuwa na ukurasa mmoja usiostahili kuwa wake, na nilitaka utoke kabla yeye hajatoka.

Jina lake limetokana na kanuni ya theluthi. Mgeni yeyote idara ya picha hakupewa kamera. Alikabidhiwa fremu ya kadibodi yenye nyuzi nne nyeusi, mbili wima na mbili za kulala, zilizoigawa katika vyumba tisa. Wiki nzima ulizunguka nayo ukichungulia ngazi, makarani na magari ya mizigo, na watu wakikucheka. Ukipiga picha ya mtu, alitufundisha, macho yake yakae kwenye uzi wa juu, na upande anaoutazama uachiwe nafasi. Kwenye mandhari, kama uzuri uko mawinguni, upeo wa macho ushushe kwenye uzi wa chini. Kama uko ardhini, upandishe. Mambo muhimu yakae pale nyuzi zinapokutana, katikati paachwe papumue.

Kanuni hiyo haikuishia kazini. Mume wake ametuapia kwamba kabati la vyombo nyumbani kwao limehamishwa mara nne na bado halijapata theluthi yake. Kwenye harusi ya binti wa mhasibu wetu, alimsogeza shangazi wa bwana harusi kushoto, kulia, kushoto tena, mpaka shangazi akauliza kama na yeye anaolewa.

Lakini matunda tumeyaona! Kumbukeni kalenda ya ziwa. Alipanda juu ya tangi la maji na kusubiri saa tatu ili mwendesha baiskeli mmoja apite pale alipopataka. Yule bwana alipomwona, akasimama katikati kabisa ya picha na kumpungia mkono. Mama Theluthi akampigia kelele kutoka juu, "Songa mbele, baba, hapo umeziba ziwa!" Akasonga, na kalenda ile tukaichapisha mara tatu mwaka huo huo.

Sasa nije kwenye ule ukurasa. Miaka kumi na tisa iliyopita, nikiwa wiki ya tatu kazini, nilitumwa kupiga picha za vitambulisho vya wafanyakazi sitini na wawili. Kichwa changu kilikuwa kimejaa nyuzi. Nikamweka kila mtu kwenye theluthi ya kushoto, macho yakitazama nafasi nzuri iliyo wazi. Mashine ya vitambulisho nayo ikakata katikati ya picha, kama kawaida yake. Kesho yake kiwanda kizima kilivaa ukuta na sikio moja moja. Mlinzi wa getini alimzuia mkurugenzi dakika ishirini, kwa maelezo kwamba sikio lile hakulifahamu.

Utawala ulimtaka mwenye kosa. Nilikuwa kwenye muda wa majaribio, mtoto wangu wa kwanza ana miezi mitatu, na nilijua kazi imeota mbawa. Mama Theluthi akaingia ofisini peke yake na kusema picha zile amezipitisha yeye. Hakuwa ameziona hata moja. Alipewa barua ya onyo, na kwenye usaili wa ukuu wa idara uliokuwa wiki mbili mbele yake, jina lake likafutwa. Nafasi hiyo aliisubiri miaka sita mingine. Mimi aliniambia neno moja tu kwenye korido: "Kitambulisho weka uso katikati. Mengine tutaongea." Hatukuyaongea kamwe, na mimi nilinyamaza kwa woga, kisha kwa aibu.

Jumatatu iliyopita nilikwenda utawala na maelezo yangu ya maandishi. Walipomwita Mama Theluthi kuthibitisha, alikuja juu, akasema nafukua mambo yaliyokwisha oza. Lakini alipoulizwa kama niliyoandika ni kweli, aliitikia kwa kichwa, akitafuta kitambaa chake mkobani.

Mama yetu, asante kwa picha, kwa ukali, na kwa kazi ambayo imenilelea watoto watatu. Wenzako wote tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na kabati litulie. Jana mchana ile barua ilitolewa kwenye faili lako: miaka thelathini na miwili, hakuna onyo hata moja. Onyo lile sasa liko kwenye faili langu, lina jina langu, na nimelitia saini nikicheka na kulia kwa pamoja.