Marcelline Sangwa, Aliyemvusha Granya Bahari Mara Mbili

Wapendwa, mmeacha kazi zenu Jumamosi hii ya tarehe 25 Agosti 2018, mkaja kusimama na sisi katika baridi hii. Asanteni. Mimi ni Placide Mwamba, mdogo wake marehemu, tumbo moja. Kwetu Kalemie mkubwa wako wa kuzaliwa unamwita Yaya, kwa hiyo nikisema Yaya mjue ni yeye. Nitakayoyasoma ndiyo yaliyomo kwenye programu mliyo nayo mkononi. Murielle, aliyesuka nywele pamoja naye saluni moja kwa miaka mingi, ndiye aliyeyachapa, na aliniuliza mara mbili kama kweli nataka habari za ule moto ziingie. Nilimwambia ziingie.

Marehemu Marcelline Sangwa Kalunga alizaliwa tarehe 3 Machi 1964 mjini Albertville, ndiyo Kalemie ya leo, kando ya Ziwa Tanganyika. Alikuwa mtoto wa kwanza wa mzee Kalunga, fundi wa injini za boti pale bandarini, na mama Clémentine. Baada yake walizaliwa watatu ambao hawakuishi, kisha mwaka 1977 nikaja mimi. Mama alifariki mwaka 1979. Yaya alikuwa na miaka kumi na tano, mimi miwili. Alinifunga mgongoni siku ya mazishi, na watu wa mtaa walisema hakunishusha mpaka nilipoanza kumtoboa mbavu kwa magoti.

Shule ya msingi alisoma kwa masista, akaanza sekondari, akaiacha ili anilee. Hakunung'unika, ila kila alipopita karibu na shule alitembea haraka. Alikuwa hodari wa insha. Siku moja mwalimu aliwapa waandike safari ya gari moshi. Yaya akajaza kurasa zote mbili, abiria, mizigo, kuku waliofichwa chini ya viti, kisha akamaliza kwa neno moja: "Hawakufika." Mwalimu akashtuka, akauliza, "Ajali?" Yaya akajibu, "Hapana, mwalimu. Karatasi imekwisha." Hadithi hiyo alinisimulia mwenyewe mara nyingi, na kila mara alicheka kabla ya kufika mwisho.

Mwaka 1986 aliolewa na Octave Kitenge, mfanyabiashara wa samaki wakavu. Mungu hakuwajalia mtoto. Mtoto wao nilikuwa mimi, na shemeji Octave alinipenda, nasema kweli mbele ya jeneza. Novemba 1999, wakati wa vita, Octave alipanda boti kwenda Kigoma. Boti haikufika, na yeye hakuonekana tena.

Hapa lazima nieleze desturi, kwa ajili ya ninyi msio wa kwetu. Mume akifa, siku ya kuondoa matanga wakwe humnyoa mjane nywele, na kuanzia hapo anahesabika mjane kamili, anaweza kuendelea na maisha yake. Wakwe wa Yaya walikataa. "Maiti iko wapi? Tukae matanga ya nani?" Akasubiri miaka miwili, si mke wa mtu, si mjane. Halafu siku moja mchana, uani, watu wote wakitazama, alichukua mkasi na wembe akajinyoa mwenyewe. Mama wee! Walisema ameita laana. Hata jirani aliyekuwa akimwazima chumvi aliacha kumsalimu. Mwaka uliofuata alifunga begi lake akaondoka Kalemie.

Johannesburg aliingia Juni 2003, na mwaka 2006 akaniita nimfuate. Alianza kusuka kando ya barabara, kiti kimoja na kioo kimoja, mpaka akapata nafasi kwenye saluni ya Bezuidenhout Valley, ile iliyo karibu na robot, yaani taa za barabarani. Mkono wake ulikuwa mwepesi, mdomo ulikuwa mkali. Mteja akilalamika anavutwa, alimwambia, "Uzuri unauma, mama. Ukitaka kisichouma, vaa kofia." Nao walirudi. Lakini saluni ikifungwa, alikuwa mtu wa chumba chake tu. Hakuwa na wa kupika naye Jumapili, zaidi yangu mimi na mke wangu Vestine.

Kila Alhamisi asubuhi alipanda Kensington kumwosha nywele bibi mmoja Mwairishi, Bi Una Kilbane, nesi wa zamani aliyebaki peke yake kwenye nyumba ya vyumba sita. Kiingereza cha Yaya kilikuwa cha sokoni, cha Bi Una kilikuwa cha kisiwani kwao, sijui walisikilizanaje. Walisikilizana miaka mitano. Huyo bibi ndiye aliyemsimulia habari za Granya, mwanamke wa kale wa magharibi ya Ireland, miaka zaidi ya mia nne iliyopita, aliyekuwa na meli zake na wanaume wake wa vita, akizisimamisha meli za matajiri baharini. Akiwa msichana, Granya alimwomba baba yake ampeleke baharini. Baba akamwambia haiwezekani, nywele zako ndefu zitanaswa na kamba. Msichana akaenda akazikata mwenyewe.

Yaya aliniambia hapo kitana kilimponyoka. Jioni ile alikuja kwangu Bertrams bila hata kuvua koti, akasimama mlangoni akasema, "Placide, kumbe yuko mwingine." Nikamuuliza mwingine nani. "Aliyejinyoa." Miaka saba nchini humu, sikuwahi kumwona na uso ule.

Bi Una alifariki Juni 2014. Wiki ileile Yaya alinunua daftari nene lenye jalada gumu, akaanza kuandika kitabu cha Granya kwa Kiswahili. Aliandika aliyosimuliwa, na asiyosimuliwa aliyatunga. Granya akajifungua melini, na kesho yake maadui walipowavamia akapanda juu na shuka kiunoni, akawafokea wanaume wake, "Mnanitazama nini? Vuta kamba!" Huyo si Mwairishi, huyo ni mama wa Kalemie kabisa. Aprili 2015, wageni tulipojifungia ndani kwa hofu ya kushambuliwa na saluni ikafungwa wiki tatu, aliandika madaftari mawili. Kufikia mwanzoni mwa 2016 yalikuwa tisa, na kitabu kimekwisha.

Sasa moto. Yaya alikuwa na kawaida ya kuwasomea wateja vipande, wakiwa wamekaa na vichwa vyao chini ya mashine. Wateja ni Wakongo wenzetu. Na sisi ukitusomea habari za mwanamke anayetawala maji, mwenye mali isiyojulikana ilikotoka, ambaye wanaume wanamtii, hatuulizi Ireland iko wapi. Tunajua ni nani. Ni mamba muntu, yule jini wa majini, mwenye nusu ya samaki. Maneno yakafika kwenye kikundi cha maombi nilichokuwa mwombezi wake. Wakaniambia dada yako anaandikiana na roho ya maji, ndiyo maana hana mume wala mtoto. Nami, eish, nilikuwa na bidii ya dini kuliko akili. Nilikwenda chumbani kwake akiwa kazini, nikayachukua madaftari yote. Nikakaa nayo siku mbili. Jumamosi tarehe 20 Februari 2016 nikayachoma kwenye pipa nyuma ya nyumba yangu, ndugu wa maombi wakiimba.

Yaya alikuja, akatazama ndani ya pipa. "Yote?" Nikamwambia, "Yote, Yaya. Ni kwa ajili yako." Alichukua ufagio akazoa majivu yaliyokuwa yamemwagika chini, kisha akaniuliza, "Umekula?" Akaingia jikoni akanipikia. Nikala. Mwezi uliofuata alihamia chumba cha Troyeville, na mimi kwa aibu nikakaa miezi kumi na minne bila kubisha mlango wake. Ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Majuto ni mjukuu, wazee walisema, na mimi wa kwangu nimemlea.

Huko Troyeville, peke yake, alianza upya. Murielle ni shahidi: aliandika kati ya mteja na mteja, mafuta ya nywele vidoleni, ndiyo maana kurasa zina alama za dole gumba. Hakumsomea mtu tena.

Mwaka 2017 alianza kuvimba miguu. Ilikuwa figo. Vestine ndiye aliyenikamata shati akanipeleka kwake. Yaya alifungua mlango akasema, "Umekonda," akanipisha nikaingia. Mwezi Julai mwaka huu alilazwa. Nilikwenda kila nilipotoka zamu yangu ya ulinzi getini. Siku moja aliniuliza, sauti imeshapungua, "Placide. Kabla ya kuyachoma, uliyasoma?"

Nikasema, "Hapana, Yaya."

Akafumba macho. "Basi mwisho umepotea. Nilikuwa nimeupata vizuri mara ile. Sasa nimefika daftari la nane, na kila nikifika kwa yule mdogo wake Granya, mkono unagoma."

Alifariki Jumanne tarehe 14 Agosti 2018, saa nne asubuhi. Daftari la tisa tulilikuta chini ya mto wake. Lina jina lake kwenye jalada, ndani halina neno.

Wapendwa, nilimdanganya mgonjwa. Nilisoma. Zile siku mbili nilikuwa na daftari la mwisho getini Kensington, zamu ya mchana, nikalisoma lote, na kipande cha mwisho nikakirudia mara tatu. Sikuona jini. Nilimwona dada yangu. Na bado nikalichoma, kwa sababu ndugu walikuwa wameshapanga siku na niliogopa kuonekana dhaifu wa imani. Kama pale hospitali ningesema nilisoma, angejua nilichoma nikijua. Nikaona afadhali yeye akose mwisho wa kitabu chake kuliko mimi nikose uso. Hilo ndilo nililokuja kulisema leo, na anayetaka kuninyima mkono baadaye aninyime.

Basi mwisho wenyewe ni huu. Granya alikuwa mzee. Gavana wa Kiingereza alimfunga mdogo wake, na gerezani, kwa mateso, mdogo wake akaonyesha mahali meli za dada yake zilipofichwa. Granya alijua. Akapanda chombo hivyohivyo, akaenda mpaka kwa malkia wa Uingereza, akasimama bila kuinama, akamwomba mtu wake. Malkia akampa. Wakarudi wawili. Wakakuta ngome haina paa, meli zimechukuliwa, watu wametawanyika, pwani nzima kumebaki mtumbwi mmoja. Yule mdogo akakaa mchangani akalia. Yaya hakuandika kwamba alisema "dada". Aliandika hivi: "Yaya, umenifuata bure. Sasa tuna nini?" Granya akaingiza mguu majini, akausukuma mtumbwi, akamwambia, "Niko mimi, uko wewe. Shika kasia, tumechelewa."

Kitabu kiliishia hapo. Nimeyaandika maneno hayo kwenye daftari la tisa, kwa mwandiko wangu mbaya, na yapo pale juu ya jeneza.

Marehemu ameacha mdogo wake mmoja, ndiye mimi. Wifi yake Vestine. Binti yetu Kelly, anayeelewa Kiswahili akajibu Kizulu, na ambaye ameomba nimsomee kitabu chote tangu mwanzo. Rafiki yake Murielle. Na wanawake wengi wa jiji hili waliopita mikononi mwake. Jumamosi ijayo tutaondoa matanga nyumbani Bertrams, ya kwake na ya shemeji Octave kwa pamoja, kwani huyo hajakaliwa matanga miaka kumi na tisa. Nitakayenyolewa ni mimi.

Mungu akupokee, Yaya, akupe mahali pa kukaa na watu wa kukaa nao. Upumzike sasa. Kasia nimeshika.