Vitabu Alivyoazimisha Mama Gundi

Baba Paroko, ndugu, majirani, na ninyi mliosimama mlangoni kwa sababu viti havikutosha, familia inaomba msikie maisha ya dada yetu kama yalivyokuwa, si kama yanavyopakwa mafuta siku ya mazishi, kwa maana yeye mwenyewe alichukia kitabu chenye jalada zuri na kurasa zilizorukwa.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1961, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wazazi wetu, mtoto wa pili kati ya watano, baba akiwa mlinzi wa ghala na mama mfumaji wa sweta, akabatizwa akiwa na wiki tatu katika kanisa hili hili, na mama alikuwa akisimulia kwamba siku hiyo alimpiga padre teke la kifua, padre akacheka akasema huyu atakuwa wetu mpaka mwisho.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, hakuendelea mbele kwa kuwa nafasi ilikuwa moja na ilikwenda kwa kaka yake, na kaka huyo, mliomfahamu mnajua, hakuwahi kumaliza hata gazeti.

Tarehe 2 Aprili 1979 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji, chumba cha kukunja na kushona vitabu, akakaa humo miaka thelathini na saba, akasimama mbele ya meza ndefu ya mbao mpaka pembe yake ikachimbika usawa wa kiuno chake, na gundi haikumtoka vidoleni, ukimsalimia mkono unabaki naye kidogo, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Gundi kabla hajawa mama wa mtu yeyote. Vitabu vilivyoharibika, vyenye kurasa zilizogeuka juu chini, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua, wengi waliwashia moto, yeye alivifumua na kuvishona upya usiku kwa usiku, akavisoma, na kwa njia hiyo akajaza ukuta mzima wa sebule, ukuta ambao upande wa pili ni nyumba ya jirani.

Ijumaa tarehe 5 Juni 1992 alifunga ndoa na fundi mizani, shemeji yetu mnayemwona hapa mbele, na ndoa hiyo ilifungwa ofisi ya serikali, si hapa, kwa sababu fundi alikuwa na mke wa ndoa ya kanisa aliyemkimbia miaka mingi nyuma, na maadamu mke huyo yu hai kanisa halikuweza kuwafungisha, jambo ambalo Mama Gundi alilijua kabla ya kuvaa pete na hakulilalamikia kwa yeyote, ila kila Jumapili alikaa benchi la mwisho, na watu wakiinuka kwenda kupokea komunyo yeye alisogeza magoti pembeni wapite, akafanya hivyo karibu miaka thelathini na moja. Mungu aliwajalia watoto wawili, binti ambaye ni fundi umeme na mvulana ambaye ni mpishi wa hospitali, na wote wawili aliwaleta hapa kubatizwa, akasimama nyuma.

Mwezi Agosti 2014 jirani yake wa ukuta mmoja, mshonaji wa nguo, aliyelelewa katika kanisa jingine, aliingia na tepu ya kupimia bado ikiwa shingoni, akasema dada nataka kuwa Mkatoliki, nipe kitabu, na Mama Gundi akamjibu, mama, dini si gauni ujaribu mbele ya kioo, kaa chini kwanza. Mtu mwingine angempa maisha ya watakatifu, yenye picha na maua, apendezwe haraka, lakini dada yetu alikuwa na msimamo wake kwamba anayetaka kupanga nyumba mwonyeshe kwanza panapovuja, akikubali hapo hatakulaumu mvua ikinyesha, basi akampa kwanza katekisimu nene, kisha kitabu cha sheria za kanisa, kisha historia yenye mapapa waliotenda mabaya, kisha kitabu cha mtu aliyelihama kanisa na sababu zake. Kitabu cha tano, chembamba, cha maisha ya mtawa mkali wa mdomo aliyeosha vidonda vya watu waliotupwa na ndugu zao, alimwonyesha tu akakirudisha rafuni, akamwambia vile vinne ni paa na kuta, hiki ndicho sebule, utakichukua ukimaliza. Na kwenye kile cha sheria alimwekea kidole penye habari za ndoa, akasema soma hapa kwa sauti, huyu anayesemwa hapa ndiye mimi, nisikufiche, usije ukasikia kwa watu.

Jirani alisoma vinne, tena alisoma kweli, na Jumamosi tarehe 26 Machi 2016 alipokelewa kanisani, akiwa na msimamizi mwingine kwa kuwa Mama Gundi hakuruhusiwa kumsimamia, ila alimshikia mkoba. Vile vinne alivirudisha, cha tano akasema atakifuata, cherehani imemzidi. Mwaka 2019 alichaguliwa mwenyekiti wa jumuiya ya sala ya mtaa wetu, maana hakuna aliyejua vifungu kama yeye, alivitaja kama anayetaja rangi za nyuzi, na aliyemfanya mwanafunzi hodari akabaki palepale benchi la mwisho, akimsogezea magoti naye apite.

Tarehe 9 Oktoba 2022 mke wa kwanza wa fundi alifariki dunia, Mungu amrehemu, na kwa mara ya kwanza njia ikawa wazi, wakapanga kufunga ndoa hapa baada ya mwaka mpya, lakini Januari 2023 Mama Gundi akaanza kuumwa tumbo, madaktari wakakuta saratani ya kongosho, na mwezi Mei wakamrudisha nyumbani, akiwa na ombi moja tu, afunge ndoa hapo hapo kitandani, apokee komunyo, ndipo aende.

Ofisi ya parokia ilikuwa imetangaza kwamba mwenye shida aanzie kwa mwenyekiti wa jumuiya, na fundi ni mtu wa kupanga foleni hata kama mbele yake hakuna mtu, kwa hiyo Jumatatu tarehe 15 Mei alikwenda mlango wa pili kwa yule mshonaji, akajibiwa, shemeji, hapa sipindishi, dada hajahudhuria jumuiya tangu Januari na sheria anaijua kuliko mimi, yeye ndiye aliyenifundisha, subirini kikao cha Jumamosi. Fundi aliporudi na jibu hilo Mama Gundi aliuliza, ametaja na kifungu, akaambiwa ametaja, akasema basi alisoma, halafu akageukia ukutani, na upande wa pili cherehani ilikuwa ikilia.

Alifariki Alhamisi tarehe 18 Mei 2023, saa nne asubuhi, bila ndoa hiyo na bila komunyo. Baba Paroko aliposikia alikuja siku ile ile kwa miguu, akasema mbele yetu kwamba hakuna aliyemwambia, na kwamba angekuja hata usiku wa manane. Wapo waliosema huenda kitabu cha sheria alichopewa jirani kilikuwa kibovu, karatasi za huruma zilidondoka, na hilo familia inalikataa, kitabu kilikuwa kizima, marehemu alikishona kwa mkono wake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wafanyakazi wenzake wa kiwandani waliobeba jeneza, Baba Paroko, na majirani wa pande tatu za nyumba.

Kitabu cha tano kiko juu ya meza ya sebuleni, hatutakipeleka ng'ambo ya ukuta wala hatutakichoma, anayekidai apite mlango wa mbele, apige hodi, atakabidhiwa, na chai haitakuwepo.

Dada yetu, sasa hivi utapita katikati ya mabenchi haya kwenda mbele, na sisi ndio tutakaosogeza magoti. Pumzika kwa amani.