Mshamu Saadi Njechele, Aliyeandikwa Hajulikani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh wetu, viongozi wa kijiji, wazee, ndugu na jamaa mlioacha shughuli zenu mkaja Mohoro leo Ijumaa, akina mama mlioko ndani, familia imenituma mimi, Abdulrazaq, mtoto wa dada yake marehemu, niwasomee maisha ya mjomba, na nimeambiwa nisome taratibu na nisigombane na mtu, la kwanza nitajitahidi.

Marehemu Mshamu Saadi Njechele alizaliwa tarehe 12 Machi 1957 hapa hapa Mohoro, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Saadi Njechele, mkulima wa mpunga, na Bi Sijaona, ambao wote wawili wametangulia mbele ya haki. Alisoma chuoni akahitimu Qurani akiwa na miaka kumi, akaanza shule ya msingi mwaka 1965 na kumaliza darasa la saba mwaka 1971, hakuchaguliwa kuendelea, akarudi shambani kwa baba yake kuamia ndege wasile mpunga, kazi ambayo mwenyewe alisema ndiyo iliyomfundisha kukaa kimya na kutazama.

Mwaka 1975 alikwenda Kibiti kujifunza kazi kwa fundi Yassin, aliyekuwa na studio yenye pazia la buluu karibu na soko, na mwaka mzima wa kwanza hakuruhusiwa kugusa kamera, alichota maji, akakoroga dawa za kusafishia picha kwenye chumba cha giza, akakata picha za vitambulisho kwa wembe na rula mpaka kidole kikaota sugu. Mwaka 1978 fundi Yassin alimkabidhi kamera yake ya akiba, na tarehe 3 Agosti 1981 marehemu alifungua studio yake mwenyewe pale pale Kibiti, kandokando ya barabara. Tarehe 6 Mei 1983 alifunga ndoa na Bi Mwajabu, wakajaliwa watoto wanne, Zaidi, Nasra, Kudra na Muzdalifa, na wajukuu kumi na mmoja, ambao kila mmoja alimpiga picha siku ya arobaini yake.

Wengi wenu mnamjua kwa safari zake za delta. Kila mwaka mpunga ukishavunwa alimwachia mkewe studio, akaingia vijiji vya Maparoni huko delta kwa siku kumi na moja akiwa na mikanda miwili tu, kila mmoja wa picha thelathini na sita, kwa hiyo kila mtu alipigwa mara moja, hakuna kurudia, na kwa sababu hiyo alimsimamisha mtu kivulini, akatundika kanga nyeupe upande wa pili ili mwanga umrudie usoni, akasubiri pumzi yake itulie, ndipo akabonyeza. Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli jina la mtu, jina la mzazi wake, kijiji na tarehe, na maneno hayo hayo akayaandika kwenye bahasha ya negativu, lakini jina lake mwenyewe hakuliandika popote hata siku moja, kwake yeye kuweka jina lako kwenye sura ya mwenzako kulikuwa ni kukosa adabu. Negativu zote za miaka thelathini zilikaa kwenye kasha moja la bati. Simu za mkononi zilipokuja na kila mtu akawa mpiga picha, studio ikadorora, akaifunga mwaka 2016, akarudi Mohoro na kasha lake.

Tarehe 14 Februari 2022 alifika hapa mwandishi kutoka Dar es Salaam, ndugu Ismaily, aliyesema anakusanya mazungumzo na wapiga picha wa zamani, juu ya ufundi wao na maisha yao, apate kutoa kitabu. Alikaa siku sita, akala na mjomba sahani moja, akalala chumba cha Zaidi, na kinasa sauti hakikuzimwa isipokuwa kwa swala. Mjomba, ambaye sisi wenyewe hatukuwahi kumuuliza lolote juu ya kazi yake, na aibu hiyo ni yetu, alizungumza mpaka sauti ikakauka, akaeleza ya fundi Yassin, ya dawa, ya mwanga, na alipoulizwa kwa nini watu wa picha zake hawacheki alijibu, "Hawakuja kucheka, walikuja kubaki." Bi Mwajabu anasema hakumwona na furaha kama ile tangu Zaidi azaliwe.

Siku ya sita mgeni aliomba aondoke na kasha, akazinakili negativu kwa mashine, alirudishe baada ya miezi mitatu. Nasra alimvuta baba yake pembeni akamsihi waandikishane hata kikaratasi, na mjomba akamkemea, akasema mtu aliyekula kwako siku sita humtolei karatasi na kalamu mlangoni kama mwizi. Kasha likapakiwa kwenye gari, mjomba mwenyewe ndiye aliyelifunga kwa kamba.

Miezi mitatu ikawa mwaka, mwaka ukawa miwili, na mwezi Aprili 2024 mto ukaja juu, mnajua wenyewe, maji yakaingia kwenye nyumba na makabati, albamu zikageuka uji. Siku zile watu walikuwa wanapeana moyo kwamba alhamdulillahi, kasha la Mshamu liko Dar, kwenye ukavu. Wakaanza kuja, mmoja mmoja, huyu anataka picha ya marehemu baba yake, yule ya harusi, na Bi Mwanahalima wa Maparoni akapanda boti na gari kuja kuomba picha ya binti yake Zawadi, aliyepigwa mwezi Julai 1996 akiwa na miaka saba, ameshika pakiti ya biskuti aliyokataa katakata kuiweka chini, akafariki kwa homa masika yaliyofuata. Hakuna picha nyingine ya mtoto yule duniani. Mjomba alimwambia, "Ipo, inakuja."

Alimwambia hivyo mara tatu, kwa safari tatu, huku simu ya mgeni kwanza ikisema wiki ijayo, halafu ikisema yuko safarini, halafu haipokelewi kabisa. Mtu ambaye hakuwahi kuchelewesha picha ya mtu akawa anapiga watu danadana kwa niaba ya mwingine, akaacha kupita sokoni, akawa anakwenda msikitini kwa njia ya nyuma ya mashamba asikutane na mtu wa kumuuliza. Ninyi mlidhani anaringa. Alikuwa anaona haya.

Tarehe 11 Juni 2025 kitabu kilishushwa kutoka kwenye basi, kizito, karatasi zinang'aa. Ndani yake kuna mazungumzo na wapiga picha tisa, wanane wa miji mikubwa majina yao yamekolezwa wino, na mjomba ni wa tisa, nusu ukurasa, siku sita zote zimekuwa nusu ukurasa. Lakini picha zake ziko themanini na saba, na chini ya kila moja kumeandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Bwana Ismaily alipopatikana kwa simu ya Kudra alieleza kwa upole, maneno laini kama halua, kwamba bahasha zilikuwa zimeota ukungu zikatupwa, negativu zenyewe hazina jina la mtu, wachapishaji wanataka ushahidi, na kasha sasa liko kwenye hifadhi nje ya nchi, kulirudisha kuna taratibu zake.

Marehemu alikuwa na kisukari tangu mwaka 2019, na kuanzia Julai mwaka huu figo zilianza kushindwa, akalazwa mara mbili, akarudishwa nyumbani tarehe 30 Agosti. Kitandani aliomba kile kitabu na penseli. Kwa macho yale yaliyokwisha, huku Muzdalifa akimshikia tochi, aliandika chini ya kila picha kama alivyozoea, jina la mtu, la mzazi, kijiji, tarehe, yote kutoka kichwani, picha tatu au nne kwa siku, na mahali palipoandikwa hajulikani hakupagusa. Tulimsihi aandike na lake. Alisema amechoka, na majina ya watu bado hayajaisha. Aliandika sitini na tatu. Alifariki jana, Alhamisi tarehe 2 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane na miezi sita.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopokezana kumbeba mpaka barabarani, vijana waliochimba kaburi tangu alfajiri, na wapiga picha wa Kibiti waliokuja leo wakaacha kamera zao nyumbani bila kuambiwa. Ndugu Ismaily ametuma ujumbe mrefu wa rambirambi, amemwita marehemu hazina ya taifa. Tumeupokea. Mimi nawatazama mlivyojaa hapa, wa Mohoro, wa Mtawanya, wa Maparoni, uwanja hautoshi, mmekuja kumzika mtu ambaye kitabu kinasema hajulikani.

Kama ilivyo desturi yetu kabla ya kuswaliwa, mwenye madai ya fedha kwa marehemu amwone Zaidi. Mlioomba picha mkaambiwa zinakuja, tunawaombeni mumhalalishie, hakuwa nazo na hakuwa na moyo wa kuwaambia. Picha ishirini na nne hakuwahi kuziandika, kitabu kiko mezani kwa Nasra pamoja na penseli, anayemtambua ndugu yake aandike jina kabla hajaondoka.

Ukurasa wa arobaini na moja hamtaukuta. Asubuhi hii tumeukata kwa wembe na rula, kama alivyokuwa akikata mwenyewe. Bi Mwanahalima, uko huko ndani, Muzdalifa anakuletea bahasha, fungua, ni Zawadi na biskuti zake, jina lake na lako amekuandikia kwa mkono wake. Chini yake, pale pa hajulikani, nimefuta na kuandika mimi kwamba picha hii imepigwa na Mshamu Saadi Njechele, na hilo tu ndilo nililomvunjia adabu maishani.

Mjomba, utulie huko uliko. Ulimwambia inakuja, nayo imefika.