Kiatu cha Namba Nne

Benchi lenyewe lilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha fundi viatu, hatua chache tu kutoka uwanja wa mpira wa kikapu. Tundu la kitasa bado lilikuwepo, na wenyeji walijua kulikwepa wakikaa. Fundi aliitwa Gundi, maana mikono yake haikupata kutakata hata siku ya harusi yake. Jirani zake walikuwa Redio, kinyozi asiyezimika, na Breki, dereva mstaafu wa malori ambaye hubisha kwanza, kisha ndipo huuliza mnazungumzia nini. Kahawa ilikuwa ya Shangazi, ambaye hakuwa shangazi wa yeyote pale. Mchana huo kulikuwa na fainali ya wasichana wa chini ya miaka kumi na sita, na nahodha wa timu ya mtaa, namba saba, alikuwa binti yake Gundi. Kwa hiyo benchi lilikuwa kazini. Tangu ligi ianze, wazee hawa walikuwa wakimtungia kila mpinzani neno la kumchanganya. Binti alilibeba uwanjani, na mpinzani akisimama kutupa mtupo huru, yeye na wenzake wanamlipulia nalo kwa sauti moja. Benchi lilijiita kocha msaidizi. Kocha mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa.

— Neno la leo lipo? aliuliza Shangazi akimimina.

— Lile lile la mzunguko wa kwanza, alisema Redio. Si ndio hawa hawa wenye yule namba nne, mrefu mpaka unamwonea huruma? "Inama, kamba ya nguo!" Alikosa mitupo sita.

— Saba, alisema Breki.

— Sita! Mmoja uligonga pete.

— Ukigonga pete ukarudi, wewe unauitaje? Salamu?

— Sikilizeni niwape sayansi, alisema Redio. Sauti ni upepo. Watu kumi wakipaza kwa pamoja, mpira unasogea upana wa kidole. Mimi kule kwangu nikiongea sana, nywele zinatoka sakafuni zenyewe.

— Zinakukimbia, alisema Shangazi.

— Upepo wapi? Breki alidakia. Kelele inaingia magotini. Siku moja nilipiga honi mlimani, ng'ombe akakaa chini. Nakwambia akakaa, kama mtu anayesubiri chai.

— Kwa hiyo namba nne ni ng'ombe?

— Nazungumzia magoti, bwana!

— Basi mwakani hatuna haja hata ya uwanja, alisema Redio, na sasa macho yalikuwa yamemtoka. Tunawapigia simu alfajiri, mmoja mmoja. Wanaamka wameshafungwa!

Gundi alicheka nao, lakini kwa mdomo tu. Binti yake alikuwa ameshapoteza fainali mbili, zote kwa pointi moja moja. Mwakani umri ungemtoa. Hii ilikuwa ya mwisho, na Gundi alilitaka kombe lile kuliko alivyowahi kukitaka chochote chake mwenyewe.

Ndipo akaja msichana mmoja, akainama kupita chini ya bati la kibanda. Mkononi alikuwa na raba iliyoachama soli kutoka kidoleni mpaka katikati.

— Shikamooni.

— Marahaba, walijibu kwa pamoja.

— Fundi, naomba unisaidie. Tunaanza baada ya nusu saa, na sina nyingine.

Sweta lake lilikuwa wazi kifuani, na chini yake kulikuwa na jezi namba nne.

Gundi akapokea kiatu. Redio akajisogeza mpaka sikioni kwake.

— Paka gundi tu, usishone, alinong'ona. Ikifika robo ya tatu, soli itafunguka yenyewe. Nani atajua?

Ni kweli, nani angejua? Gundi ya viatu inataka usiku mzima kukauka, na hilo alilijua fundi peke yake. Alikigeuza kiatu kile mara mbili, kopo la gundi kulia kwake, sindano kushoto. Mkono wake ukaenda kwenye kopo.

Msichana alikuwa ameshakaa, tena juu ya tundu la kitasa, na hakuna aliyemwambia.

— Samahanini wazee, alisema. Nyie si wa mtaa huu? Yule namba saba mnamfahamu?

— Tunamwonaona tu, alisema Redio haraka.

— Hivi, nilimkosea nini?

— Kivipi, mwanangu? aliuliza Shangazi.

— Tulipocheza nao, alinipigia kelele mwanzo mpaka mwisho. Kamba ya nguo, kamba ya nguo. Na mimi sikuwa nimewahi kukutana naye. Nilipofika nyumbani nikawaza, labda nilimkanyaga bila kujua. Kama nilimkosea, nataka nimwombe radhi kabla hatujaanza, nicheze moyo ukiwa safi.

Redio, aliyeweza kuongea hata akipiga mswaki, alitazama ndani ya kikombe chake. Breki alikohoa. Shangazi aliwatazama wote watatu, mmoja baada ya mwingine, kwa macho ya mtu anayesubiri chenji yake.

Gundi aliona aibu, aibu ya kumpandisha mtu joto mpaka masikioni. Akaliacha kopo, akachukua sindano na uzi mnene. Akakishona kiatu kile kuzunguka soli yote, kisha akarudia tena raundi ya pili.

— Hukumkosea kitu, alisema hatimaye.

— Sasa kwa nini?

Gundi akakata uzi kwa meno, akamkabidhi kiatu. Msichana akavaa, akaruka mara mbili kujaribu, akashukuru, akainama na kwenda zake.

Gundi alimfuata binti yake uwanjani akiwa na aproni yake vilevile.

— Leo lile neno liache.

— Baba! Si nyie ndio mmenipa?

— Tulikupa vibaya. Mimi ndiye nimekosea, si wewe.

— Na tukifungwa tena kwa pointi moja?

Hapo palimuuma.

— Tutakuwa tumefungwa, alisema. Nenda kacheze.

Ulikuwa mchezo wa kushikana mashati. Wazee walisimama juu ya benchi ili waone juu ya vichwa vya watu. Zikabaki sekunde tisa, mtaa ukiongoza arobaini na moja kwa arobaini, na refa akampa namba nne mitupo miwili huru. Wasichana wa mtaa wakaanza:

— Inama, kamba...

— Nyamazeni! alifoka namba saba, mkono juu. Muacheni atupe!

Uwanja mzima ukatulia. Namba nne akatupa. Ukaingia. Akatupa wa pili. Ukaingia, hata pete haukuigusa.

— Mnaona sasa? alilia Redio, kofia iko mdomoni.

Gundi hakumsikia. Binti yake alikuwa ameshapata mpira. Akapita mmoja, akapita wa pili, akakutana na namba nne chini ya kikapu. Wakaruka wote wawili. Soli ile haikufunguka. Ule mkono mrefu ulipanda, ukapanda, ukaupapasa mpira kwa ncha za vidole. Mpira ukacheza juu ya pete, ukafikiria kidogo, ukaanguka ndani. Filimbi ikalia.

Arobaini na tatu kwa arobaini na mbili! Gundi alipiga ukelele ambao hakujua alikuwa nao. Watatu wakaruka kwa pamoja, na walipotua, mlango ule ukapasuka palepale kwenye tundu la kitasa, wakajikuta wamekaa chini kati ya matofali, wanacheka na kulia kama watoto.

— Si nilisema? Redio alipumua. Ukimya! Ukimya ndio unaosogeza mpira!

Wasichana wakaja na kombe, namba nne akiwa katikati yao, amemshika namba saba begani.

— Baba, nimeambiwa kiatu chake umekishona wewe, alisema namba saba. Amenigusia mpira, nusura nikose!

— Mara mbili nimekishona, alisema Gundi kwa fahari. Kisha akajiinua kutoka vumbini, akamgeukia namba nne. Mwanangu, uliuliza swali pale tukakaa kimya. Lile neno si la huyu. Tulilitunga sisi, wazee wazima, hapa hapa. Tusamehe.

Namba nne aliwatazama, mmoja wima na wawili chini. Midomo ikaanza kumchezacheza.

— Nimewasamehe, wazee wangu. Ila semeni kwa sauti, maana lile lilisikika mpaka barabarani.

Redio na Breki wakasimama, wakajifuta makalio, wakavuta pumzi pamoja na Gundi.

— SAMAHANI!

Kule barabarani watu walishangilia. Walidhani mtaa umefunga kikapu kingine.