Mawe Yangu Yalipokatiwa Umeme

Mwangaluka, wapendwa. Naona wengine mmeitikia kwa Kisukuma na wengine mmetikisa kichwa tu, basi salamu imefika. Mchungaji amenipa dakika kumi na ameniomba nisitaje jina la mtu yeyote. Jina sitataja. Dakika tutaona.

Kwa wageni, mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa hapa Kalangalala. Mzaliwa wa Tanga. Huku Geita nililetwa na ndoa, na aliyenileta tulimzika mwaka juzi, wengi wenu mlikuwepo makaburini. Baada ya mazishi nililala. Simaanishi usingizi, maana usingizi wenyewe sikuupata. Nililala kitandani kama nguo iliyotupwa. Kina mama mlikuja, mkanipikia uji, mkaondoka nao baridi. Mnakumbuka.

Binti yangu anafanya kazi Dar, anatunza matangi ya samaki kwenye hoteli. Akaniletea tangi la kioo la maji ya chumvi, na ndani yake samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na matumbawe. Matumbawe ni wanyama, wapendwa, msicheke. Kwa macho ni jiwe, lakini ukikaa nalo kimya linafungua vidole, linakula, linakua. Hayo yake yameoteshwa dukani na yana karatasi zake, hakuna aliyeiba bahari. Binti akaniambia, "Mama, hawa kila asubuhi wanataka mtu aliyesimama." Basi nikaamka. Siku ya kwanza kwa ajili ya samaki, siku ya ishirini kwa ajili yangu mwenyewe.

Sasa hapa ndipo nilipokosea, na nakiri. Nilisimama mahali hapa hapa, mwezi wa kwanza wa kupona kwangu, nikashuhudia kwa furaha: "Ndugu zangu, nawaambia, ndani ya nyumba yangu nina mawe. Mawe yaliyo hai. Yanataka maji na umeme mchana na usiku, lakini ndiyo yaliyonitoa kitandani!" Mkapiga makofi. Kwetu Tanga mawe ni mawe. Lakini miaka yote niliyokaa Geita ningepaswa kujua kwamba hapa mtu akisema ana mawe, anasema ana dhahabu bado haijasagwa. Wengi mlinielewa. Mmoja wenu hakuelewa, na hakuuliza.

Huyo mmoja ni jirani yangu. Ana karasha, mashine ya kusagia mawe ya wachimbaji, kule machimboni. Nguzo inayoleta umeme kwangu imesimama ndani ya uzio wake. Jumatatu moja aliamua kukata mwarobaini uliokuwa uani kwake tangu tunahamia. Mti una pande nne za kuangukia. Ukaangukia nguzo. Nguzo ikavunjika, umeme wangu ukaenda nayo, na wa kwake ukabaki unawaka kwa sababu unatoka upande mwingine.

Mafundi wa umeme walifika kesho yake na nguzo mpya. Geti limefungwa kwa kufuli. Mwenyewe yuko Isaka, amefuata mzigo wa vipuri, na ufunguo ameondoka nao. Mwenyekiti wa mtaa akampigia, akasema yuko njiani. Jumatano yuko njiani. Alhamisi bado yuko njiani. Wapendwa, kutoka Isaka mpaka hapa hata ng'ombe angekuwa ameshafika.

Mtauliza kwa nini sikuvuta waya kwa mwingine. Upande wangu wa pili ni kiwanja kitupu, na mbele ni barabara ya malori. Niliazima jenereta. Likaja na umeme wa kuruka ruka, likaunguza pampu kubwa ya tangi kabla chai haijachemka. Nikalirudisha kwa mwenyewe na shukrani za mdomoni tu.

Binti akanifundisha kwa simu. Maji yasiyotembea hayana hewa, samaki watazama ndani ya maji yao wenyewe. Nikachukua jagi. Nachota, nainua juu, namimina, maji yanaingia na povu. Nachota, namimina. Tangi nimelifunika mablanketi ya ndoa yangu, nimeweka chupa za maji ya moto zielee juu ya maji ili yasipoe. Mkono wa kulia ukichoka nahamia wa kushoto. Ikifika saa nane mchana naona povu hata nikifumba macho.

Na kila jagi lilikuwa na maombi yake. Sitayarudia, kuna watoto. Niliomba ufunguo wake upate kutu mfukoni. Niliomba basi lake liharibike, abiria wengine wapone, yeye ashuke asukume. Nilifikiria pia mipapai yake iliyo karibu na uzio wetu. Ndoo nane za maji ya chumvi niliyoyabadilisha nilizimwaga pale kwenye mizizi. Mchungaji, usinikunjie uso, nimesema nakiri. Mipapai imekufa.

Ijumaa tumbawe langu kubwa likavua ngozi. Lilikuja likiwa saizi ya kidole gumba, likakua mpaka likawa kama sahani ya wali, na asubuhi hiyo nyama yake ilikuwa inaelea kama ukoko wa uji. Mfupa mweupe ukabaki. Samaki mmoja alikuwa amelala ubavu. Nikaweka jagi mezani, nikaenda chumbani, nikavuta shuka mpaka kichwani. Nilijua kabisa ninachofanya. Nilikuwa narudi kule kule.

Hapo ndipo aliponikuta mama mmoja wa jumuiya hii. Yeye mumewe ni fundi pancha pale stendi. Hakunibembeleza. Alikwenda moja kwa moja kwenye tangi, akachungulia, akasema, "Mayu, mama yangu, hawa wanatweta. Wanataka upepo."

"Upepo nautoa wapi, mwanangu? Umeme hakuna."

"Upepo tunauza sisi," akasema, akaondoka mbio.

Ndugu zangu, kama hamkuwa barabarani siku ile mlikosa mengi. Kina mama wanne, wamejifunga vitenge, wanaviringisha mipira ya ndani ya matairi ya lori iliyojazwa upepo mpaka inang'aa. Watu wanawapisha, mwendesha bodaboda mmoja anauliza kama kuna harusi. Nyuma yao anakuja mama mwingine, huyo muuguzi mstaafu, na mrija wa dripu mpya kabisa. Akaufunga kwenye mdomo wa mpira, ncha akaitumbukiza ndani ya tangi, akazungusha kile kigurudumu cha dripu taratibu. Mapovu yakaanza kupanda, moja moja, kama anavyoongezewa mgonjwa. Mpira ukinywea wanaunga mwingine, ule mtupu unarudi stendi ukiviringishwa. Walipeana zamu mpaka Jumapili. Mimi nikasukumwa nikaoge.

Jumapili baada ya ibada, jirani akatokea. Siyo getini kwake. Mlangoni kwangu.

"Shikamoo, mayu."

"Marahaba. Fungua geti."

"Nitafungua. Lakini tusifichane." Akaketi bila kukaribishwa, akashusha sauti. "Ulisema mwenyewe kanisani una mawe. Mawe yanayotaka maji na umeme. Mayu, sisi ni watu wa kazi hiyo, tunajua maana yake ni kwamba unachenjua, unatenganisha dhahabu na mawe humo ndani. Bila umeme utayafanya nini? Lete kwangu nisage. Tugawane nusu kwa nusu, na geti nalifungua leo leo."

Wapendwa, nilimtazama usoni, nikahesabu. Siku saba. Mkono wangu hauwezi hata kuchana nywele. Tumbawe langu limekufa. Na huyu hakuwa amekosea kukata mti. Alipima, akalenga, akafunga kufuli, akakaa Isaka anakula nyama choma akisubiri mjane wa watu azidiwe. Kulikuwa na kitu kinaitwa huzuni kimenikalia kifuani tangu mwaka juzi, nikakisikia kinasimama na kuondoka. Mahali pake ikaingia hasira, na nawaambia ukweli, hasira ilinifaa kuliko dawa.

Nikamwambia, "Fungua geti kwanza, baba. Mawe kesho."

Akafungua. Mafundi walisimika nguzo siku hiyo hiyo, na jioni taa ya tangi ikawaka. Samaki wangu wawili wakiwa hai wote.

Kesho yake akaja na kiroba. Nilikuwa nimeyatoa matumbawe yote yaliyokufa pamoja na mawe yalikoota, nimeyaweka kwenye ndoo nyuma ya nyumba, juani. Yana magamba ya zambarau na ya kijani, na ndani yake yamejaa viumbe waliooza. Alipofunua ndoo, pua ikamkunjamana. Halafu akatabasamu. "Hii harufu ya dawa ya kuchenjulia! Mayu, wewe mjanja sana."

Nikasema, "Chukua yote." Sikusema kuna dhahabu. Sikuitaja kabisa dhahabu, Mungu ni shahidi.

Ningeweza kumwambia? Ningeweza. Nilikuwa na nafasi tangu kwenye ndoo mpaka kwenye pikipiki yake. Nilimshikia hata mdomo wa kiroba afunge vizuri.

Alimwita tajiri wake kutoka Chato aje ashuhudie. Wachimbaji wamesimama, karasha limewashwa, mawe ya bahari yameingia. Walionisimulia wanasema vumbi lilitoka jeupe na harufu ikatoka nalo. Wakaosha, wakatia zebaki, ile inayokamata dhahabu, wakasubiri. Zebaki ikarudi peke yake. Tajiri alipanda gari lake huku amejiziba pua kwa kofia. Karasha lilinuka karibu mwezi mzima, waliosafisha wakasafisha tena, na wachimbaji wakawa wanapeleka mawe yao kwa wengine. Wakampa na jina. Tumekubaliana hapa hatutaji majina, kwa hiyo sitalitaja, ila ni la yule samaki mdogo wa ziwani anayeanikwa juu ya mchanga.

Nawashukuru kina mama wa mipira, na mama wa dripu, na fundi pancha ambaye alikataa katakata shukrani yangu akisema upepo ni wa Mungu. Nilianguka mara mbili katika habari hii, na mara ya pili mlinidaka kabla sijafika chini.

Funzo langu ni fupi. Ukisikia mwenzako amepata kitu kinachomwamsha asubuhi, mwache nacho. Kama hukielewi, bisha hodi uulize, ataona fahari kukuonyesha. Mimi ningemkaribisha yule jirani, ningempa kiti mbele ya tangi na chai ya tangawizi. Kuhusu kumsamehe, mchungaji, niko njiani. Natokea Isaka.

Nashuka sasa. Kipaza sauti nakiacha wazi, maana benchi la tatu, upande wa ukutani, kuna ndugu ameinamisha kichwa muda mrefu, naona Roho anamgusa. Njoo, baba, ushuhudie na wewe. Usione aibu. Madirisha tumeshayafungua.